Siku ya Kusogea

Kigingi kilichomuua Mzee Ngwele kilikuwa bado kinawaka taa ya kijani nilipokabidhiwa. Kijani maana yake "nimeshika". Kilikuwa kimelala juu ya meza ya Mhandisi Ruhinda, meno yake sita yote wazi, tope jeusi limekaukia kati ya jino na jino, na hakikuwa kimeshika chochote isipokuwa karatasi za ofisi. Hata hivyo kiliendelea kuapa kwamba mambo ni salama.

"Kizime basi," nilisema.

"Hakizimiki mpaka ripoti ya ajali iingie," alinijibu Mhandisi. "Na ripoti ni yako, Fundi Sechelela. Mahema ya Nyasi Saba uliyapima wewe."

Kweli niliyapima mimi. Mahema mia nne na kumi na mawili, na kila hema vigingi vinane. Mamlaka ya Makazi ya Muda inaviita Vigingi Hai. Watu wa kambini wanaviita kupe, na jina hilo limewakaa vizuri zaidi. Unakisimamisha kigingi ardhini, unakigusa kichwani, kinajichimbia chenyewe kwa kunguruma kidogo, kisha kinatoa meno yake pembeni na kuuma udongo. Mota inapima jinsi udongo unavyogoma. Ukigoma vya kutosha, taa inakuwa kijani. Lakini hata ukikibembeleza vipi, hakizami zaidi ya sentimita arobaini. Si kwamba hakiwezi, kimekatazwa. Sheria inasema nyumba iliyoshikwa na ardhi chini ya hapo ni ya kudumu, na watu waliofukuzwa na bahari huko Delta miaka sita iliyopita waliruhusiwa kila kitu katika uwanda wa Nyasi Saba isipokuwa kudumu.

Mhandisi alinionyesha picha kwenye kishikwambi chake. Zilipigwa na jicho la kambi, lile linaloning'inia juu ya mnara. Mwanamke mtu mzima aliyejitanda khanga alikuwa akizunguka hema lake na ndoo, akimwaga maji kwenye kila kigingi, taratibu, kama anayemwagilia mchicha. Tarehe tisa. Tarehe kumi. Tarehe kumi na moja. Tarehe kumi na mbili upepo ulikuja, hema likanyanyuka, na kupe mmoja akazunguka hewani mwisho wa kamba yake mpaka alipokutana na kichwa cha mume wa mwanamke yule.

"Bi Siwatu Mkumba," alisema Mhandisi. "Amelowanisha udongo yeye mwenyewe. Andika uzembe wa mkazi, tumemaliza."

"Na kama kupe wenyewe hawashiki?"

Alivua miwani akaifuta. Ruhinda si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia. "Dada, ukiandika kwamba vigingi vimeshindwa, kambi inafungwa wiki hiyohiyo. Watu wote wale watapelekwa Kituo cha Chuma. Wanaume bweni lao, wanawake lao, wazee lao. Unataka hilo? Andika maji. Ni kweli alimwaga maji. Hakuna anayekuambia useme uongo."

Nilikichukua kile kigingi nikakitia mkobani. Kiliwaka kijani humo ndani njia nzima.

*

Bi Siwatu alikuwa ndani, amekaa eda. Mamlaka ilikuwa imemletea hema jipya na kulifunga palepale lilipong'oka la kwanza, kwa vigingi vilevile saba vilivyobaki na kimoja kipya. Kwa kuwa mimi ni mwanamke nilikaribishwa. Nilivua viatu vyangu vya kazi, nikaketi mkekani.

"Shikamoo, Bi Siwatu. Pole sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa." Alikuwa na uso mwembamba na mikono mikubwa ya mtu aliyelima mpunga. "Wewe ndiye fundi wa kupe?"

"Ndiye mimi."

"Basi andika haraka uniondolee mzigo. Nimemuua mume wangu."

Alisema hivyo bila kilio, kama mtu anayetaja kabila lake. Nilimwuliza kwa nini alimwaga maji. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hula.

"Nyumba ikilegea, si unainywesha? Kwetu mchanga mtupu. Bibi yangu akisimamisha nguzo, anamwaga maji penye shina, mchanga unajipanga, unakaza. Ukiona nguzo inacheza, unainywesha tena jioni tatu. Ndivyo tulivyojenga tangu enzi na enzi, na nyumba zilisimama mpaka bahari ilipokuja kuzichukua. Nikaona kupe wanacheza. Nikawanywesha."

"Taa ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Lakini nilikishika kwa mkono kikacheza. Mimi na taa, nimwamini nani?"

Alikuwa sahihi kabisa, bibi wa watu. Kwenye mchanga, maji ni fundi. Kila aliyejenga pwani analijua hilo. Ila uwanda wa Nyasi Saba si mchanga, ni udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unakuwa mgumu kama tofali na unapasuka nyufa za kuingia mguu. Ukinywa maji unavimba, unateleza, unakuwa uji. Yaliyokaza nyumba ya bibi yake ndiyo yaliyolegeza ya kwake. Na katika miaka sita yote hiyo, pamoja na semina zote za kunawa mikono na kupanga foleni, hakuna hata mmoja wetu aliyekaa na watu hawa akawaambia, jamani, udongo huu si wa kwenu, una tabia nyingine. Mimi mwenyewe sikuwaambia. Nilipima, nikatia saini, nikapanda gari.

"Kitu kingine, fundi," alisema Bi Siwatu. "Keshokutwa ni Siku ya Kusogea. Mimi nipo eda. Natakiwa nikae nyumba aliyoniachia mume wangu. Sasa nyumba yenyewe inasogea. Shehe kaniambia ni dharura, Mungu anaelewa. Mungu anaelewa, najua. Nataka kujua kama nyie mnaelewa."

Kila siku ya tisini kupe wote wa Nyasi Saba hufumba meno kwa pamoja, na watu hubeba mahema yao hatua mbili mashariki. Siku ya tisini inayofuata, hatua mbili magharibi. Mashariki, magharibi, miaka sita. Kisheria, nyumba iliyokaa pahali pamoja zaidi ya siku tisini imeota mizizi. Kwa hiyo watu wazima, wenye wajukuu, wanahamishwa kwa hatua mbili ili pasiwepo siku ambayo mtu anaweza kusema, hapa ni kwangu.

*

Nilitoka nje nikamwita Mtulia, mjumbe wa safu ile na jirani wa Bi Siwatu, mwanamume mfupi mwenye sauti kubwa. Nilimwomba nitumie hema lake kwa jaribio.

"Langu halijanyweshwa maji," alisema. "Mke wangu alitaka, nikamkataza. Mvivu nilikuwa, si mwerevu."

"Ndiyo maana nalitaka."

Niliufunga mzani wangu wa kupimia mvuto kwenye wenzo wa chuma, nikaunganisha na kupe wake mmoja, nikavuta. Kwanza alishika vizuri: kilo mia mbili na kumi, taa kijani. Halafu nikamwomba ndoo mbili za maji. Nilizimimina pale shinani polepole, maji yasiyozidi ya mvua ya asubuhi moja, na tukasubiri yaingie. Majirani walikusanyika. Mtulia aliwaeleza ninachofanya kwa sauti ya kusikika hadi mnarani, na baadhi ya maelezo yake yalikuwa sahihi.

Nilipovuta tena, mshale haukufika hata kilo thelathini. Nikautupa mzani. Nikamshika kupe kwa mkono mmoja nikamnyanyua, akatoka na donge la uji mweusi, meno yote sita wazi, na taa yake inawaka kijani.

Watu walisogea kuitazama taa. Mtulia mbele yao.

Nilijua sababu hapohapo na niliona aibu kwamba sikuijua mapema. Kupe hapimi anavyoshika sasa. Anapima siku anayouma tu, kisha anaikumbuka taa ile mpaka siku ya tisini. Ni sawa na kumwuliza mtu kama ameshiba, akakujibu kwa chakula cha mwezi uliopita. Na pale anapouma pameumwa tayari. Mashariki, magharibi, mara ishirini na nne: meno yanaingia yanatoka kwenye mashimo yaleyale mawili, udongo ulistahimili mvua za nyuma, sasa umetafunwa mpaka hauna mshikamano. Mimi nilikuwa nikija kupima kila mwaka mwezi wa tisa, kiangazi kikali, nikiandika "udongo imara" na kujisifu kwa kazi safi. Mwezi wa tisa hata msumari wa kiatu ungeshika Nyasi Saba.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

"Mvua lini?" nilimwuliza Mtulia.

"Wiki hii. Umeliona wingu lile?" Alinyoosha kidole upande wa kusini. Nilikuwa nimeliona.

Maana yake maji ya Bi Siwatu yalimuua Ngwele siku chache kabla ya mvua kumuua. Yeye, au jirani yake, au watu arobaini kwa mpigo. Niliwaka hasira. Mama wa watu anakaa mkekani akijihesabu muuaji, na kule ofisini wananiomba nimthibitishie!

*

Baba yangu alikuwa mtu wa maturubai. Harusi, misiba, mikutano, sisi tulifunga. Hatukuwa na kupe. Tulikuwa na nyundo, kamba, na adabu ya kuuliza kwanza ardhi ni ya aina gani. Kwenye lami na sakafuni huchimbi, unaweka uzito: mapipa ya maji, matairi yaliyojazwa zege. Kwenye changarawe ngumu unapiga chuma kirefu, kichwa kimelalia nje, kikipa hema kisogo. Kwenye mchanga na kwenye mbuga, ardhi zisizoweza kuuma, huziombi ziume. Unaziomba zilale. Unachimba mtaro mpaka kiunoni, unajaza kiroba udongo, unakifunga kamba tumboni, unakilaza mtaroni kwa ubavu, kisha unafukia na kushindilia tabaka kwa tabaka. Upepo ukitaka hema lako, ubebe kwanza ardhi yote iliyo juu ya kiroba. Alinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili, na siku Mamlaka iliponipa cheti nilikuwa nimeshaamua kwamba ni mambo ya kizamani.

Mpaka kiunoni ni karibu mita nzima. Sheria inataka arobaini.

Niliwaambia watu ukweli wote, nimesimama mbele ya hema la Bi Siwatu ili naye asikie kupitia kitambaani. Niliwaambia nikiandika maji, Bi Siwatu anabeba lawama na mahema yanabaki kama yalivyo hadi mvua. Nikiandika vigingi, wanapelekwa Kituo cha Chuma. Na nikiwaonyesha kufukia viroba, watakuwa wamevunja sheria wao na mimi pamoja.

"Halafu?" aliuliza Mtulia.

"Halafu mimi nalazimika kuandika. Fomu yangu ina visanduku viwili, makazi ya muda na makazi ya kudumu. Cha pili hakijawahi kuguswa. Kimewekwa ili tuwashitaki wanaochimba. Nikikigusa, fomu inakwenda yenyewe Baraza la Ardhi. Hata Mhandisi hawezi kuirudisha. Baraza linaweza kuamuru mvunjiwe. Sitawadanganya, linaweza kabisa. Lakini nyumba ya muda wanaihamisha saa yoyote bila kumwuliza mtu. Ya kudumu hawaigusi mpaka mwenye nyumba ameitwa kwa jina lake na kusikilizwa."

Watu wakaanza kubishana. Mmoja alisema heri nusu shari. Mwingine alisema Kituo cha Chuma walau kina paa. Mtulia alipiga kelele kwamba wanyamaze ili apige kelele yeye. Kisha sauti ya Bi Siwatu ikatoka hemani, si kubwa, na wote wakaitegea sikio.

"Hao kwenye Kituo cha Chuma, wanazikwa wapi?"

Hakuna aliyejua.

"Ngwele walimchukua kwa gari. Kaburi ni la kudumu, wakasema, hairuhusiwi hapa. Sijui alipolala. Miaka sita nimebeba nyumba hii mashariki na magharibi, nimenyamaza, nikidhani nikiwa mtulivu watanionea haya. Hawana haya hao! Mwanangu fundi, mtaro unaanzia wapi?"

*

Tulichimba siku mbili. Sururu zilikuwa chache, tukatumia vyuma vya vitanda, majembe, na vifuniko vya mapipa. Niliwaonyesha kufunga kamba tumboni mwa kiroba, kukata njia nyembamba ya mshazari ili kamba itoke bila kupinda, kufukia udongo mkavu na kuukanyaga kwa miguu, na kuchimba mfereji kuzunguka hema ili maji yapite mbali. Mtulia alisimamia safu tatu kwa koo lake tu. Mtaro wa Bi Siwatu walichimba wanawake watupu, ili asisumbuliwe, naye akawatolea maelekezo ndani hadi wakamwomba apumzike.

Siku ya Kusogea ilifika saa mbili asubuhi. Kupe elfu tatu na ushei walinguruma na kufumba meno kwa pamoja, sauti kama ya watu wengi wanaosafisha koo. Kwa kawaida hapo mahema hulegea na kila mtu hukimbilia nguzo yake. Safari hii hakuna hema lililotikisika. Watu walisimama milangoni, mikono kifuani, wakiwatazama kupe wakichomoka na kulala chini kila mmoja penye shimo lake, bure kabisa.

Simu ya Mhandisi iliingia baada ya dakika nne.

"Sechelela, mnara unaniambia mahema hayajasogea. Unafanya nini huko?"

"Nimefunga mahema, Mhandisi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita nimefunga mahema."

"Umechimba kiasi gani?"

"Sentimita tisini na tano."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Unajua watakunyang'anya cheti. Na hao watu umewaweka pabaya zaidi. Nilikupa njia nyepesi!"

"Ulinipa mjane nimkanyage, nipite," nilisema. "Mhandisi, ulishawahi kumshika kupe kwa mkono, hata siku moja? Bi Siwatu alimshika. Alijua anacheza. Sisi wenye vyeti tulikuwa tunaangalia taa."

Nilikata simu.

Nilikaa juu ya pipa nikajaza ripoti ya Mzee Ngwele. Chanzo cha kifo: kigingi chenye kukumbuka badala ya kupima, katika udongo uliotafunwa kwa amri. Penye jina la mhusika niliandika la kwangu, kwa sababu saini ya mwezi wa tisa ni ya kwangu. Ilipoingia tu, taa mkobani ilizimika. Kisha nikafungua fomu za mahema, moja baada ya nyingine, na kubonyeza kisanduku cha pili. Kila mara kishikwambi kiliuliza, "Una uhakika?" Nilijibu ndiyo mara mia nne na kumi na mbili, na hasira yangu haikupungua hata mara moja.

Mvua ilikuja alasiri, na upepo mbele yake. Sitasimulia sana. Uwanda uligeuka uji kama nilivyosema, mifereji ikajaa, vitambaa vikapiga kelele ya kutia kiwewe. Kupe wengine walielea. Kamba zilikaza hadi zikaimba. Hakuna hema lililonyanyuka.

*

Wiki tatu baadaye nilirudi Nyasi Saba kama mtu wa kawaida, bila cheti, kwa miguu kutoka barabarani. Hati za wito zilikuwa zimefika asubuhi hiyo. Kwa sheria lazima ziwe karatasi, na lazima zikabidhiwe mkononi mwa mwenye nyumba. Mamlaka ilikuwa inawashitaki wote kwa kosa la kudumu, na kesi ilikuwa mwezi unaofuata. Mtulia alikuwa akizunguka na yake hewani, anaitangaza utadhani ni mwaliko wa harusi.

Nilimkuta Bi Siwatu mkekani palepale, eda yake haijafika nusu. Alinipa hati. "Macho yangu hayaoni herufi ndogo. Nisomee."

"Baraza la Ardhi," nilisoma. "Mlalamikaji, Mamlaka ya Makazi ya Muda. Mlalamikiwa, Siwatu binti Mkumba, mjane wa Ngwele, mwenye nyumba namba..."

"Ngoja." Aliweka mkono wake mkubwa juu ya karatasi. Miaka sita kwenye kila orodha ya Mamlaka alikuwa H mia tatu na tisa, na mumewe alipokufa, kibali cha kumchukua kiliandikwa H mia tatu na tisa, mmoja pungufu.

"Rudia hapo," alisema. "Penye mwenye nyumba."